Meza ya Kitambaa Cheupe

Vijana wenzetu wa parokia za kando ya ziwa, kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Taifa yanapotoka, baada ya poda nyeupe kumwagwa vichwani na nyimbo kuzunguka barabarani, swali lile lile hurudi: tutakwenda kula wapi? Linaonekana kuwa swali dogo. Sisi lilituchukua karibu mwaka mzima kulimaliza, na hata leo hatuna hakika kwamba tumelimaliza.

Mwenye kuijua Uvira anajua kwamba chakula chetu kina ngazi zake. Chini kabisa ni malewa: benchi, turubai, sufuria ya maharagwe, bugali wa muhogo, na ndagala zilizokaangwa kwa mawese. Ngazi ya pili ni brosheti za mbuzi, ambako moshi wa makaa hukuita kabla ya mwenye kuchoma hajakuita. Juu yake, kando ya maji na kando ya Barabara ya Taifa namba 5, zimo hoteli chache zenye vigae sakafuni, kitambaa cheupe mezani, jenereta nyuma ya ukuta, na karatasi ya bei iliyoandikwa kwa Kifaransa na kwa dola. Huko ndiko nyama ya ng'ombe hukatwa pande nene, ikaletwa juu ya sahani ya moto ikiwa bado inalia. Mteja wa hoteli hizo, akitoka, hupita kwenye alimentasio kununua siagi ya Ulaya, jibini, tufaha, na kuku aliyeganda katika frigo.

Tulizoea kuyatazama maduka hayo kama dirisha la nchi nyingine, na kwa kweli ndivyo yalivyo. Sehemu kubwa ya vitu vyake huvuka Kavimvira vikitoka Bujumbura, safari isiyofika kilometa 30 kwa kupitia Gatumba. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wa kwetu walilia kama waliounguliwa na nyumba zao. Yako mengine ya kuchekesha, kama kicheko ni neno lake. Sukari ya pakiti inatoka mbali, ilhali Kiliba iko hapo njiani kuelekea Sange, na kiwanda chake cha sukari kilisimama katika vita vya mwaka 1996. Tena katika frigo utakuta samaki wa barafu, wale ambao nchi yetu huwanunua kwa wingi kutoka Namibia, wakiuzwa kwa watu wanaoliona Ziwa Tanganyika kutoka mlangoni mwa duka.

Hata hivyo tusiwacheke bure wanaotafuta kitambaa cheupe. Mji wetu unajulikana katika vitabu vya waganga kwa kipindupindu, ambacho hakitoki kwetu bali hupumzika tu. Pale bomba la REGIDESO linapokauka, watu huteka maji ziwani, na mama wa malewa huosha sahani kwa maji hayo hayo. Mzazi anayemwambia mwanawe, «Usile barabarani,» si lazima awe mwenye majivuno; pengine amekwisha kuzika. Sisi wenyewe tulikuwa na sababu hiyo mdomoni tulipochagua mahali pa kusherehekea. Lakini haikuwa sababu yetu ya kweli. Tulitaka kuonekana.

Ilikuwa mwaka 2019. Tulikuwa saba, wote wa kundi moja la vijana, wote tumepata diploma. Tulikubaliana kila mmoja alete dola 10. Wengine waliuza uniti za simu, wengine walibeba mchanga wa ujenzi, wawili waliomba kwa wajomba. Mwenzetu mmoja, msichana aliyetupita wote kwa asilimia, alileta dola 4, akatuomba tumpe muda. Tulimwambia si neno. Na kweli tungeliacha pale, lisingekuwa neno.

Hoteli hatutaitaja. Tuliketi karibu na ukuta wa kando ya ziwa, jua likielekea kuzama nyuma ya milima, na tukasoma ile karatasi ya bei kimya kama watu wanaosoma barua ya msiba. Nyama ya ng'ombe na viazi vya kukaanga: dola 12. Mukeke mzima na vitunguu: dola 10. Tulianza kuhesabu chini ya meza. Mwenzetu alisema yeye atakunywa Fanta tu, tumbo halikuwa zuri. Ndipo mmoja wetu, kwa wema wa kijinga, akasema kwa sauti iliyofika meza ya pili: «Wee agiza tu, sisi tutakulipia.» Hakujibu. Aliinamisha kichwa akapanga upya kisu na uma, ingawa vilikuwa vimepangwa.

Sahani zilipofika, lango dogo la upande lilifunguka. Aliingia mama mmoja mwenye beseni kichwani, kitenge kimelowa mpaka magotini, akakanyaga vigae. Mhudumu aliyekuwa akitutabasamia sisi alimgeukia kwa ukali: mara ngapi aambiwe kwamba samaki hupitia nyuma, tazama alivyochafua! Mama akaomba radhi, akarudi hatua tatu kwa uangalifu, beseni likiwa limetulia kichwani, akazunguka ukuta.

Sote tulimjua. Alikuwa mama wa mwenzetu. Tulikwisha kula nyumbani kwake, tulikwisha kulala nyumbani kwake usiku wa mvua baada ya mazoezi ya kwaya. Na kwetu, kama kwenu, mtu hampiti mama wa rafiki yake bila kusimama na kumpa mkono. Hakuna aliyesimama. Tulitazama nyama. Ilikuwa nyama nzuri, tukumbuke kusema hivyo; pengine ilitoka bondeni mwa Ruzizi, pengine Nyanda za Juu, ambako miaka ile makundi mazima ya ng'ombe yalikuwa yakiporwa na bei ilikuwa ikipanda kwa ajili hiyo. Hatukumbuki ladha yake. Bili ilipokuja, walikataa noti moja ya dola kwa sababu ya mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto, tukachanga faranga, tukaondoka. Mwenzetu aliaga mbele ya lango akaelekea upande wa Mulongwe peke yake.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Baada ya wiki tano tulikwenda kwao, tukiwa tumebeba kilo mbili za sukari, kama watu wanaokwenda kutoa pole.

Mama yake alitupokea vizuri mno. Alituazimia viti kwa jirani, akatupikia. Alipokuwa akigeuza ndagala kwenye mafuta, alitueleza kazi yake, jambo ambalo hatukuwahi kumwuliza kwa miaka yote ile. Wavuvi hutoka jioni, usiku usio na mwezi, na taa zao. Zamani zilikuwa za mafuta, sasa ni za betri. Ndagala hupanda wakiufuata mwanga, na mukeke hupanda nyuma yao kuwala, hivyo wavu ukiinuliwa wote wawili wamo. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, na nyumba yake haina fedha. Alfajiri yeye yuko ufukweni Kalundu kabla mitumbwi haijafika. Mikeke mizuri huipeleka hotelini, kwa sababu hotelini hawabishani juu ya bei kama sokoni. Ila hulipa wanapotaka. Ndagala huzianika. Akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa: «Siku ile nilipeleka mikeke minane. Nafikiri hamkuniona, watoto wangu, kulikuwa na jua machoni.»

Alikuwa ametufungulia mlango wa kutokea. Na mmoja wetu, aliyekuwa msemaji wetu siku hiyo, alipita mlangoni mle haraka: «Kweli, Mama, hatukukuona.»

Binti yake alikuwa amesimama kizingitini na jagi la maji ya kunawa. Alitunawisha mmoja mmoja bila kumwaga hata tone, kisha akaingia ndani. Hatukumwona tena siku hiyo, wala mwezi huo, wala Noeli.

Tukawa na kawaida ya ajabu. Katika mikutano yetu tulizungumza juu ya upendo wa jirani, na tukasoma, na tukaimba, na kiti kimoja kilikuwa wazi; hakuna aliyekitaja. Tulijua kwamba kosa la kwanza lingeweza kusemwa kuwa ni woga wa dakika mbili. Lile la pili tulilisema kwa midomo yetu, tukiwa tumeshika chakula chake.

Kisha ulikuja mwaka 2020. Mwezi wa Machi serikali ilifunga makanisa, shule, baa na mahali pa kulia, kwa ajili ya Covid-19. Burundi nayo ilifunga mpaka wake. Ile meza ya kitambaa cheupe ikapinduliwa miguu juu. Katika alimentasio rafu zilianza kuonyesha mbao zake. Kwanza jibini, halafu siagi, halafu maziwa ya unga. Walionunua dukani walionekana wakiteremka ufukweni na mifuko, wakiuliza bei ya ndagala kwa aibu kidogo, kama watu wasiojua vipimo.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili mto Mulongwe ulitoka kitandani mwake. Hatutasimulia mengi, wengi wenu mlikuwako. Mji ulizika makumi ya watu, na nyumba kwa maelfu zilibomoka au zilijaa matope. Nyumba ya mwenzetu ilibaki kuta mbili. Wao walikuwa hai. Walilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine nyingi.

Tulikwenda na majembe kwa sababu vijana wote walikuwa wakienda na majembe. Tulichimba matope siku mbili tukitafuta sufuria, mabati, vitambulisho. Siku ya pili, yule aliyekuwa msemaji wetu alisimama katikati ya kile kilichokuwa sebule, akamwambia mama yule, bila utangulizi na mbele ya majirani: «Mama, siku ile hotelini tulikuona.»

Mama alikuwa ameshika ncha moja ya bati, analivuta. «Najua,» akasema. «Mimi pia niliwaona.» Halafu: «Shika upande ule, usijikate.»

Basi. Hakutukumbatia. Hakulia. Tulivuta bati, tukaona chini yake nyavu za kuanikia zimejikunja pamoja na mizizi, tukazikunjua mpaka jioni. Binti yake alikuja na maji. Alimpa kila mtu, na alipomfikia msemaji wetu alisimama kidogo, akamwambia: «Ilikuchukua miezi minane.» Tulihesabu baadaye tukaona alikuwa sahihi, kama kawaida yake katika hesabu.

Hakurudi katika kundi letu. Wengi wetu tulitegemea kwamba angerudi, na baadhi yetu tulikasirika kidogo alipokataa, kana kwamba msamaha una ratiba. Alikuwa amekwisha kuzoea Jumapili zake bila sisi. Lakini tulianza tena kusalimiana, halafu kutembeleana, halafu kubishana, na huko kubishana ndiko kulikotupa moyo.

Mambo mengine yalijipanga bila sisi. Ziwa lenyewe lilipanda katika miaka hiyo mpaka likala fukwe, viwanja na nyumba kuanzia Bujumbura hadi Kalemie. Katika ile hoteli maji yaliingia mpaka kwenye vigae, na kwa muda wavuvi walifunga mitumbwi kwenye nguzo za ukumbi. Wateja wa dola nao wamepungua. MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024, na magari yake meupe hayasimami tena mbele ya alimentasio. Wenye maduka wametafuta vitu vya kuuza ambavyo havivuki mpaka.

Mwenzetu aliliona jambo hilo mapema. Huchagua ndagala za mama yake zilizokauka vema, zisizo na mchanga, huzipima, huzifunga katika pakiti yenye karatasi ndogo ya tarehe, na huzipeleka dukani. Mle zinapangwa juu ya frigo, kimo cha macho, na bei yake inatosha kununua kopo mbili ufukweni. Mmoja wetu alimwuliza kama si aibu kuwauzia watu ziwa lao kwa bei hiyo. Alimjibu kwamba aibu anaijua vizuri, na hiyo siyo.

Mwezi uliopita tulikuwa watatu katika duka hilo, tukisubiri kulipia sukari na mishumaa kwa ajili ya siku ya vijana. Mlango ulisukumwa kwa mgongo, akaingia yeye na katoni kubwa, na nyuma yake mama yake, beseni kichwani, akipangusa miguu kwenye zulia la mlangoni. Tuliacha foleni wote watatu, tukampa mama mkono. Mwenye kutupokea fedha alisema tumepoteza nafasi yetu. Mwenzetu alituambia tumpishe haraka, katoni ni nzito.