Shilingi ya Kariakoo Yaenda Wapi?

Msomaji mpenzi, siku ukijaliwa kushuka Dar es Salaam, usirudi kijijini bila kuona Kariakoo. Basi litakushusha Mbezi. Toka huko shika daladala, na mfuko wako ushike vilevile. Ukifika Mtaa wa Msimbazi hutauliza njia. Wachukuzi wapiga kelele wakiomba kupita, mikokoteni yagongana, vitenge vimetundikwa hata juu ya kichwa chako.

Jina hilo latoka katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps, na midomo ya watu ikafanya Kariakoo. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza Julai 2021.

Lakini leo tazama chini, penye taka. Maganda ya machungwa, majani ya migomba, maboksi matupu: soko hili lisipofagiwa siku mbili, hapapitiki. Nani amlipa mfagiaji, na gari la kupeleka taka Pugu? Mwenye duka hulipa ushuru wa huduma, nyumba hulipa ada ya taka. Fedha hizo ni za Halmashauri ya Jiji, ambayo kabla ya 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala. Mtaro ukiziba, mlipaji ana diwani wa kumwendea.

Je, diwani asipokuwapo? Jambo hilo tumekwisha lijaribu. Mwaka 1972 serikali ilitangaza Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji zikafuata. Kazi zao wakapewa maofisa wa serikali kuu. Miji ikachakaa, mitaro ikaziba, na mwaka 1977 kipindupindu kikaingia nchini kwa nguvu. Mwaka 1978 sheria ikarudisha halmashauri za miji, na mwaka 1984 zile za wilaya zikaanza tena. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzivunja kulikuwa kosa.

Hata hivyo mvutano haujaisha. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ilipewa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 yakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Ni rahisi kuikusanya, kweli. Lakini aliyekatwa kodi ndani ya umeme, akiona taka mlangoni pake, amwulize nani?

Wala tusiseme kila mahali pajitegemee. Kariakoo ina maduka yasiyohesabika. Kijiji chako labda kina ushuru wa mahindi tu. Kila mmoja akila chake, wenye duka watapata zahanati nzuri, nawe utabaki na mti wa kivuli. Ndiyo maana mishahara ya walimu na waganga hutoka Hazina. Fedha ya mbali yahitajika. Ya karibu nayo yahitajika, kwa kuwa hiyo waweza kuifuata kwa miguu.

Basi, ndugu msomaji, si lazima kupanda basi. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Nenda, wewe na mama watoto, mketi mbele, mwombe mapato na matumizi yasomwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.