Mota Ichague Mwisho

Kazi yangu ni kufunga mota za umeme kwenye baiskeli za watu wanaokwenda kazini hapa Dar es Salaam. Karibu kila mteja huanza na swali lilelile: "Fundi, nichukue ya wati ngapi?" Mimi humwuliza kwanza anakaa wapi, anafanya kazi wapi, na usiku baiskeli inalala wapi. Wati zina zamu yake. Kule Ulaya sheria inaweka ukomo wa wati 250, na msaada wa mota hukatika mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, na watu wanapanda vilima hivyohivyo kila siku.

Chukua mtu wa Kimara anayefanya kazi Kariakoo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 30. Akikanyaga pedeli huku mota inamsaidia, atatumia takriban wati-saa 12 kwa kila kilomita. Akiwa na mzigo kwenye keria, au jioni anapopandisha kutoka Ubungo, zinaweza kufika 15 na kupita. Siku nzima basi inataka kati ya 360 na 450. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 13 inabeba 468. Ikiwa mpya inamfikisha nyumbani, ila betri huchoka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo huyo namwambia achukue ya ampea-saa 17, au apate ruhusa ya kuchaji kazini. Gharama ya umeme isimtishe: kujaza ile ndogo ni nusu uniti ya LUKU na kidogo juu yake.

Kwenye betri ndiko fedha nyingi inakokwenda, na ndiko uongo ulikojaa. Nyingi zimeundwa kwa seli za 18650, yaani kipenyo milimita 18, urefu 65. Seli nzuri ya aina hiyo hubeba kama ampea-saa 3.5 na uzito wake haupungui sana chini ya gramu 45. Ili upate volti 36 unaziunga kumi kwa mfululizo. Ili upate ampea-saa 20 unahitaji safu sita za namna hiyo. Hizo ni seli 60, karibu kilo tatu kabla hujahesabu kasha, waya na saketi ya ulinzi. Sasa mtu anakuletea betri iliyoandikwa 36V 20Ah, unaiweka kwenye mizani inasoma kilo mbili. Maandishi hayo ni ya uongo, na hakuna haja ya kubishana na muuzaji. Nenda dukani na mizani yako.

Chaja nayo iendane na betri. Ya volti 36 hujaa kwenye 42, ya volti 48 hujaa kwenye 54.6, na kuzichanganya ni kutafuta moto. Usichaji usiku mmelala, wala usiweke betri mlangoni, kwa sababu ikiwaka mtakosa pa kutokea. Jiji la New York lilifika mahali pa kutunga sheria mwaka 2023 inayotaka baiskeli za umeme na betri zake zithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa, baada ya moto wa betri hizi kuua watu.

Tukija kwenye mota yenyewe, kuna inayokaa kwenye gurudumu na inayokaa kwenye pedeli. Ya pedeli hupitisha nguvu kwenye cheni, kwa hiyo inatumia gia za baiskeli na inapanda mlima vizuri sana, lakini cheni na sproketi huisha mapema. Kwenye baiskeli isiyo na gia, faida yake kubwa inapotea. Ya gurudumu ni rahisi kufunga na haigusi cheni. Kwa wateja wangu wengi nachagua hii, ile yenye gia ndogo ndani, kwa kuwa ni nyepesi na betri ikiisha njiani unakanyaga bila kuburuzwa.

Angalia ekseli yake kwa makini. Imechongwa bapa pande mbili ili ikae kwenye mdomo wa foku bila kuzunguka, na waya za mota zinapita katikati yake. Nati zikilegea, mota ikivuta, ekseli inajizungusha, inapanua mdomo wa foku na kusokota waya mpaka zikatike. Kwa hiyo nafunga kibao cha chuma kinachoshika ekseli na kubanwa kwenye foku au fremu, hata kwa mota ndogo. Foku ya mbele ya aluminiamu yenye shokapu siifungii mota kabisa, nahamishia nyuma.

Wakati wa masika, waya ining'inie chini kabla ya kuingia kwenye mota, maji yadondoke nje.

Breki ndizo ninazozikagua kabla ya kupokea fedha ya mtu. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka karibu mara nne. Zile breki za fimbo za baiskeli za zamani, zinazobana rimu ya chuma, zikilowa hushika vibaya hata bila mota. Anayetaka nimfungie mota juu ya breki hizo namrudishia baiskeli yake. Kama fedha uliyonayo leo inatosha kitu kimoja, nunua breki nzuri na vishikio vinavyokata umeme wa mota ukivibana.