Mtaka cha Mvunguni

Methali yetu husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto huikariri wakiwa shule ya msingi, na wengi wetu huishi nayo mpaka uzeeni bila ya kuuliza kuinama huko kunamgharimu nini mwenye kuinama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na methali ni sehemu ya kazi inayonipa riziki. Walakini sikupata kuiona methali hii ikitembea kwa miguu yake mpaka nilipopewa ulezi wa timu ya wanawake ya mpira wa magongo katika chuo kikuu ninachofundisha, mjini Nairobi. Nilishika ulezi huo kwa miaka mitatu. Katika insha hii nataka kueleza niliyoyaona juu ya maisha ya mchezaji hodari wa mchezo huo: mwili wake, saa zake, chakula chake, na deni tunalodaiwa naye sisi watazamaji.

Mpira wa magongo ni mchezo wa kuinama. Mpira wake ni mdogo na mgumu, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na aghalabu hutambaa chini. Gongo likisimamishwa hufika nyongani tu. Kwa sababu hii mchezaji anayeutaka mpira hana budi kukunja magoti, kushusha mgongo, na papo hapo kuinua uso ili awaone wenzake na maadui zake. Hayo yote huyatenda akikimbia katika uwanja wenye urefu wa mita 91.40 na upana wa mita 55. Wanaofagia ua kwa ufagio mfupi kila asubuhi wanajua uchungu wa kiuno ninaousema; tofauti ni kwamba mfagiaji hakimbizwi na mtu. Tena mechi ya kimataifa siku hizi ina robo nne, kila robo dakika 15, na wachezaji huruhusiwa kutoka na kuingia tena mara nyingi. Mtu angedhani kwamba ruhusa hiyo huwapunguzia taabu. Kinyume chake ndicho kilicho kweli, maana aliyepumzika huingia kwa kasi mpya, na aliyebaki ndani hulazimika kwenda sawa naye.

Liko jambo jingine lililonishangaza zaidi kuliko mgongo, nalo ni mkono. Gongo lina uso mmoja bapa, ulio upande wa kushoto, na sheria hairuhusu kuupiga mpira kwa upande wa pili ulioviringa. Wala hakuna gongo la mashoto. Wote hutumia la namna moja. Basi mkono wa kushoto hushika juu kabisa, nao ndio unaolizungusha gongo huku na huku. Mkono wa kuume hukaa chini yake na kusaidia kwa nguvu. Sisi tumelelewa kula, kutoa na kupokea kwa mkono wa kuume, na wa kushoto tumeuachia kazi zisizotajwa mbele za watu. Katika mchezo huu mkono uliodharauliwa ndio nahodha, na ule ulioheshimiwa ni baharia. Kuugeuza mkono wa kushoto kuwa nahodha ni elimu ya miaka mingi, na yeyote aliyeianza akiwa mtu mzima huonekana tangu mbali.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa ameianza elimu hiyo akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Sitamtaja jina. Alicheza katikati ya uwanja, mahali ambapo mchezaji hushambulia na kulinda pamoja, na katika mwaka wake wa pili chuoni aliitwa katika timu ya taifa. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Kabla ya kukimbia alisimama nyuma ya bweni, juu ya saruji, akashika gongo kwa mkono wa kushoto peke yake na kuugeuza mpira kushoto na kulia mara mia tano. Alitumia mpira wa tenisi uliochakaa, ili mlio wake usiwaamshe wenzake. Kisha alikimbia. Siku nyingine alikwenda mwendo mrefu. Siku nyingine alikimbia mita ishirini kwenda na ishirini kurudi, akifuata mlio wa saa ambao ulizidi kuharakisha mpaka miguu ikakataa. Saa mbili asubuhi alikuwa mbele yangu darasani, akisikiliza habari za ngeli na viambishi, vidole vya mkono wake wa kushoto vimefungwa plasta.

Jioni alipanda matatu kwenda mazoezini. Huko walirudia jambo moja mpaka mtazamaji akachoka kabla yao. Nitatoa mfano wa kona fupi, ambayo huzaa mabao mengi katika mchezo huu. Mchezaji mmoja husukuma mpira kutoka mstari wa nyuma. Wa pili huusimamisha nje ya nusu duara lililo mbele ya lango. Wa tatu huuburuta kwa gongo na kuurusha langoni, na kwa wachezaji wakubwa mwendo wake huweza kupita kilomita 100 kwa saa. Upande wa pili mlinda lango na walinzi wanne hutoka mbio langoni kuuzuia. Tendo lote halichukui hata muda wa kutamka sentensi moja ndefu. Lakini nilihesabu jioni moja nikaona wamelitenda mara themanini, na kocha wao hakuridhika nalo hata mara kumi.

Chakula chake kilikuwa cha kawaida, ila kilikuwa na utaratibu. Alikunywa uji wa wimbi asubuhi, akala ugali na maharagwe mchana, na sukuma wiki na mayai usiku fedha zilipokuwako. Alikunywa maji kama mtu atimizaye nadhiri. Saa tatu usiku alilala, saa ambayo wenzake ndiyo kwanza walianza soga. Katika miaka ile alikosa harusi ya dada yake na arusi nyingine za jamaa asizoweza kuzihesabu. Sikumsikia akilalamika, lakini niligundua kwamba marafiki zake wote walikuwa wachezaji, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa macho katika saa zake.

Mambo haya si ya Nairobi peke yake. Dhyan Chand, ambaye Wahindi humhesabu kuwa mchezaji mkuu kuliko wote, alikuwa askari wa kawaida, na inasimuliwa kwamba alifanya mazoezi usiku baada ya zamu yake, akingojea mbalamwezi. Jina la Chand, maana yake mwezi, yasemekana alilipata kwa tabia hiyo. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1928, 1932 na 1936. Miaka themanini baadaye, wanawake wa Uingereza walikutana na Uholanzi katika fainali ya Rio de Janeiro, 2016. Waholanzi walikuwa mabingwa wa Olimpiki mbili zilizotangulia. Baada ya sare ya 3-3, mshindi alitafutwa kwa mapigo ya ana kwa ana, ambapo mshambuliaji hupewa sekunde nane kumpita mlinda lango. Mlinda lango wa Uingereza, Maddie Hinch, alikuwa na daftari alimoandika tabia za washambuliaji, na hakuna Mholanzi hata mmoja aliyemfunga katika mapigo yale. Watu walisifu miguu yake. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nalisifu daftari.

Lakini tofauti moja haina budi kutajwa. Timu ile ya Uingereza ilikuwa imekusanywa mahali pamoja tangu mwaka 2009, ikifanya mazoezi Bisham Abbey, na wachezaji wake walipata posho iliyotokana na fedha za bahati nasibu ya taifa. Kwa maneno mengine, taifa lilikuwa limeuinua uvungu kidogo ili wanaoinama wasivunjike migongo.

Nasi tulikuwa na siku zetu. Kenya ilishika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971. Avtar Singh Sohal, mlinzi na nahodha, alicheza katika Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi München 1972. Wengi wa wachezaji wale walikuwa Wakenya wenye asili ya Bara Hindi na Goa, waliolelewa katika klabu za jamaa zao, wakicheza juu ya nyasi za kawaida. Kisha mwaka 1976, huko Montreal, Olimpiki ilichezwa kwa mara ya kwanza juu ya zulia la nyasi bandia, na tangu hapo mashindano makubwa yakahamia huko. Juu ya zulia mpira hukimbia upesi na bila kuruka, mchezo hubadilika, na aliyezoea nyasi hujikuta mgeni. Zulia ni ghali kulitandika, ni ghali kulimwagia maji, na likichakaa ni ghali kulibadilisha. Timu ya wanaume ya Kenya ilikwenda Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na haijarudi huko tangu siku hiyo.

Yamkini msomaji atanipinga kwa habari za Moscow, 1980. Wanawake wa Zimbabwe walialikwa majuma machache kabla ya michezo kwa sababu mataifa mengi yalikuwa yamesusia. Hawakuwa wamezoea zulia. Nao wakarudi na dhahabu. Hoja hii ni nzuri, lakini haisimami peke yake. Wanawake wale, wote weupe, walikuwa matunda ya shule na klabu zilizokuwa na viwanja vizuri kwa miaka mingi, na timu kadhaa zenye nguvu hazikuwako. Katika michezo hiyo hiyo wanaume wa Tanzania, walioshiriki pia kwa nafasi iliyopatikana kwa kususia huko, walifungwa na India mabao 18 kwa 0. Sioni sababu ya kudhani kwamba Mtanzania aliinama kidogo kuliko Mzimbabwe. Naona kwamba mmoja aliinama mahali palipofagiliwa zamani, na mwingine aliinama penye mawe.

Katika mwaka wake wa mwisho mwanafunzi wangu alikuja ofisini. Alikuwa amepata kazi ya ualimu katika shule ya wasichana iliyo mbali na Nairobi, na wakati huo huo aliitwa katika kambi ya timu ya taifa. Kazi haikuweza kungoja, wala kambi haikuwa na mshahara. Mama yake alikuwa na wadogo zake watatu wa kusomesha.

"Mwalimu," aliniuliza, "nikienda kufundisha, ile miaka tisa nitakuwa nimeitupa?"

Nilimjibu, "Mwanangu, kitu ulichokitia mwilini mwako kwa miaka tisa hakiwezi kutupwa na barua ya kazi. Lakini sitakudanganya kwamba hakina bei."

Akatazama mikono yake, akacheka kidogo. "Bei yake naijua mimi, Mwalimu. Ninachotaka kujua ni nani mwingine anayeijua."

Sikuwa na la kumjibu, na hata leo swali hilo halijapata jibu lililo kamili. Alikwenda kufundisha. Siku za mapumziko hupanda basi la usiku kuja kuichezea klabu yake, na kurudi Jumapili usiku ili awahi kengele ya Jumatatu. Katika timu ya taifa hajaitwa tena.

Nimekutana na watu wanaosema kwamba vijana wetu hushindwa katika michezo hii kwa kukosa bidii. Ningependa watu hao waamke siku moja saa kumi na nusu alfajiri, wasimame nyuma ya bweni, na wausikie ule mpira wa tenisi ukigonga polepole juu ya saruji. Methali imemwambia mchezaji wajibu wake, naye ametii. Haikusema neno juu ya wajibu wa wenye nyumba, ambao wameuacha uvungu ujae mawe, kisha hukaa barazani wakingoja kuletewa kilichomo ndani. Nadhani neno hilo ni letu sisi kulisema.