Je, Nijiunge na Chama cha Wauguzi?



Mimi ni mama wa watoto wanne, kwetu ni Kivu ya Kusini. Nilisoma uuguzi A2 kule Bukavu, nikafanya kazi katika wodi ya wazazi miaka saba, mpaka vita ikatutoa. Hapa Nakivale nasaidia kutafsiri kwenye kituo cha afya. Mgonjwa anasema Kiswahili ama Kibembe, nami namweleza muuguzi kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Mikono yangu inajua kazi, lakini haina ruhusa ya kuigusa.

Muuguzi mmoja mwenyeji ameniuliza: "Dada, mbona hujiungi na chama chetu?" Tangu hapo nawaza. Ada itatoka wapi, na watoto hawana madaftari? Baba watoto naye anasema: "Ukiingia chama cha huku, ni kusema haturudi tena nyumbani?"

Nimeulizauliza na kusoma, nikapata haya.

Kwanza, tusichanganye baraza na chama. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda liliwekwa na sheria ya 1996, na ndilo linaloandikisha muuguzi na kumpa leseni. Chama cha wauguzi na wakunga, UNMU, ni chama cha wafanyakazi: kinatetea mishahara na hali ya kazi ya wanachama wake. Leseni hakitoi. Ukilipa ada ya chama bila kuandikishwa na baraza, sindano bado hushiki.

Pili, mkimbizi hakatazwi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasema mkimbizi mwenye elimu iliyotambuliwa na wakubwa wanaohusika anaweza kufanya taaluma yake. Tena inampa haki ya kuwa katika vyama visivyo vya siasa wala vya faida, na katika vyama vya wafanyakazi. Wengi wetu hilo hatulijui, tunajihesabu wageni katika kila kitu.

Tatu, swali la baba watoto. Hata Kongo sasa kuna Ordre des Infirmiers, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Kumbe hata tukirudi kesho, nitaulizwa karatasi! Na Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoanza 1899, wanachama wake ni vyama vya nchi, si muuguzi mmoja mmoja. Kwa hiyo kuwa na wenzangu hapa si kuisahau nyumbani. Nalinda kazi yangu isife njiani.

Basi nimeamua hivi. Madaftari yatangulia, hilo nimemwahidi baba watoto. Pesa itakayofuata ni ya kutafsiri diploma yangu kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na kuipeleka itambuliwe. Nikipata leseni, najiunga na chama. Lakini kabla ya kulipa nitauliza: ada ni ngapi, ni ya mwezi ama ya mwaka, risiti anatoa nani, na nikipata shida kazini nani atasimama nami?

Nanyi wauguzi, wakunga na walimu wenzangu, toeni diploma zenu kwenye sanduku, muzifunge katika plastiki kabla mchwa hawajazila. Siku ya kuitwa kazini, hapa ama kwetu, tusibaki kusema tu, "Zamani nilikuwa muuguzi."

Mubaki na amani.