Mwanzi Tuliouogopa Kuukata

Siku ya harusi yetu wafanyakazi wenzetu walituletea chombo cha kioo chenye mashina matatu ya kijani. Mwanzi wa bahati, walisema: shina la furaha, la mali na la maisha marefu. Tulicheka. Sisi ni watu wa ibada, mambo ya bahati tuliwaachia wacheza kamari.

Mwaka wa saba shina moja lilianza kugeuka njano kutoka chini. Njano hiyo hairudi kuwa kijani, na shina likioza huchafua maji na kuharibu mengine. Ilibidi litolewe. Wiki tatu tulipita mezani pale, kila mmoja akijifanya hakuliona. Wakati huo tulikuwa tumepoteza mimba ya pili.

Jioni moja mmoja wetu alishika kisu. Mwenzake akasema, "Usikate. Yatabaki mawili." Likafuata neno jingine, kwamba aliyesahau kubadilisha maji ndiye aliyetuletea haya yote. Wapendwa, hatukuwa tunazungumzia maji. Tulilala bila kusali, sisi tunaoongoza sala ya jumuiya kila Alhamisi. Maombi tulikuwa tumempa Mungu, hofu tumeupa mwanzi.

Asubuhi tulikata. Kisu tulikisafisha kwa spiriti. Shina bovu tulilikata juu ya pale njano ilipoishia, na kipande cha juu, kilichokuwa kijani bado, tukakitia kwenye glasi ya maji ya mvua. Yale mawili mazima tuliyapunguza matawi yaliyoelemea dirishani, tukiacha sentimita mbili hivi kutoka kwenye shina ili yachipue tena.

Kumbe mmea wenyewe si mwanzi. Wala asili yake si China, ni Afrika ya Kati, na ni wa jamii moja na isale. Kwetu Kilimanjaro masale hupandwa mipakani mwa kihamba, na aliyekosa humpelekea aliyemkosea isale kuomba radhi. Ukiletewa, ni vigumu sana kukataa. Miaka saba tumekaa na ndugu yake mezani bila kumtambua.

Mmoja wetu alichukua jani kutoka kwenye yale matawi yaliyokatwa, akaliweka kando ya kikombe cha mwenzake. Hakusema kitu. Chai ilipoa, tukalia, kisha tukasali ile sala ya jana usiku.

Mtoto hatujapata bado. Kipande cha kwenye glasi kimetoa mizizi, myekundu, mitatu.