Divai Si Dawa ya Kiungulia

Remera, Kigali

Mpwa wangu mpendwa,

Nasikia kiungulia kinakunyima usingizi, na bado jioni unaonekana mtaani Kisimenti na wenzako, ukiamini glasi ya divai hutuliza tumbo. Najua utanitajia Mtume Paulo, aliyemshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Lakini Paulo alimwambia hivyo mtu aliyekuwa akinywa maji tu, zama ambazo maji mengi hayakuwa salama. Wewe maji yako unayachemsha. Kama ugonjwa si ule, dawa haiwezi kuwa ile.

Divai yenyewe ni kali kwa uchachu: pH yake huwa kati ya 3 na 4, na nyeupe kwa kawaida huizidi nyekundu kwa uchachu, kwa hiyo kubadili rangi hakutakuokoa. Pombe iliyomo hulegeza msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo, na ukijilaza asidi hupanda kifuani. Tena divai na bia huchochea tumbo kutoa asidi zaidi kuliko pombe kali, hivyo unaongeza kile kile unachokikimbia. Utasema divai nyekundu huusaidia moyo. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Utasema pia wenzako wanakunywa na hawaumwi. Matumbo hayafanani, na maumivu yanayorudi-rudi yana chanzo. Kwa mfano, madaktari Marshall na Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria Helicobacter pylori husababisha vidonda vya tumbo. Huyo hutafutwa kwa kipimo cha kinyesi au cha pumzi, kisha hutibiwa kwa antibiotiki.

Basi nenda kapime kwanza, na divai iweke kando mpaka ujue unaumwa nini. Ukipewa antibiotiki ya metronidazole, usiichanganye na pombe. Wala usinywe ukiwa umemeza ibuprofen, maana tumbo linaweza kutoka damu. Ukiona choo cheusi kama lami, wahi hospitali usiku huo huo. Kwenye harusi omba maji ya kawaida, kwani hata Fanta ina gesi inayolijaza tumbo. Ukishapona na bado ukataka glasi, iwe moja, baada ya chakula, saa tatu au zaidi kabla ya kulala. Mwenyeji muungwana hapimi heshima yako kwa glasi uliyoimaliza.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.