Kanda iliyoniumbua

Wadau, leo naungama. Kibarua changu hapa maabara ya kompyuta ni kutunza nakala za seva kwenye kanda. Nikapanga cron: saa 8 usiku tar ivute faili za wanafunzi kwa ssh, saa 10 za walimu, zote ziende /dev/st0. Asubuhi hakuna kosa, nikatamba.

Juzi jamaa wa mwaka wa tatu kafuta ripoti ya mradi wake. Nikapiga tar -t: walimu watupu! Kumbe /dev/st0 hurudisha kanda mwanzo kila kazi ikiisha, ya pili ikaandikwa juu ya ya kwanza.

Hakunitukana. Alinyamaza tu. Bora angetukana.

Sasa natumia /dev/nst0, na kila asubuhi narudisha faili moja kujaribu. Jamaa anaandika upya, mimi namchapia.